Jina la Babu katika Daftari za Hesabu na za Jeshi: Mfano wa Kariakoo

Kariakoo lilikuwa jina la kijeshi kabla halijawa jina la mtaa. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, waliweka kambi ya wapagazi wao upande wa magharibi wa mji, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamekwisha kupima viwanja vya makazi ya Waafrika kabla ya vita. Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili, ambao haupendi kufunga silabi kwa konsonanti, ukalilainisha neno hilo likawa Kariakoo. Nairobi nao walipata mtaa wao kwa asili ile ile, ila wao walilitamka na kuliandika Kariokor. Jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga lilitumiwa na jeshi, na mnamo 1923 likaanza kazi yake ya soko. Soko lililobuniwa na Beda Amuli lilifunguliwa mahali pale pale mwaka 1975. Hivyo kila atajaye jina la mtaa huu anataja, pasipo kujua, hati moja ya jeshi iliyosalia mdomoni baada ya karatasi nyingi kupotea.

Ni hizo karatasi zinazotakiwa kuelezwa hapa. Wakazi wa Kariakoo, Gerezani na Ilala walio na asili ya askari au wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 ni wengi, na mara kwa mara mjukuu au kitukuu hutaka kujua: babu alitoka wapi, aliingia lini mjini, alitumikia nani, alikufa wapi? Masimulizi ya nyumbani hutoa jibu la kwanza. Jibu la pili hutafutwa katika maandishi ya serikali, nayo ni ya namna mbili hasa: hesabu za watu na daftari za jeshi. Maandishi haya yana tabia moja ambayo mtafutaji hana budi kuijua mapema. Hayakumwandika mtu kwa sababu alikuwa mtu; yalimwandika kwa sababu alikuwa akidaiwa kitu au akidai kitu. Palipokosekana deni, mara nyingi jina pia lilikosekana. Na pale lilipoandikwa, liliandikwa kwa sikio la mgeni, hata pengine mwenye jina mwenyewe asingelitambua.

Kuhusu hesabu za watu inafaa matumaini yapunguzwe tangu mwanzo. Mwaka 1921 ulihesabiwa watu katika nchi mbili zilizokuwa chini ya bendera moja, Uingereza na Tanganyika. Fomu za Uingereza za mwaka ule, zenye jina, umri, kazi na mahali pa kuzaliwa pa kila mtu wa nyumba, zilifunguliwa kwa wasomaji wote mwezi wa Januari 2022, baada ya kufungwa kwa miaka mia. Mjukuu wa mchimba makaa anaweza kuona leo mwandiko wa babu yake. Mjukuu wa mpagazi wa Kariakoo hana pa kufungua, kwa kuwa hesabu ya Tanganyika ya 1921 haikumtafuta mtu bali jumla: wanaume kadha, wanawake kadha, watoto kadha, wa kabila kadha, katika wilaya kadha. Hesabu za 1928 na 1931 zilifuata mwendo huo huo. Ile ya 1948 ilifanywa kwa utaratibu bora zaidi, pamoja na Kenya na Uganda, na ile ya 1957 iliupa mji wa Dar es Salaam watu 128,742. Lakini vitabu vilivyochapishwa ni majedwali, wala majedwali hayana majina.

Je, hesabu hizo hazina faida kwa mtafutaji? Zinayo, mradi asizidai kile zisichonacho. Safu ya kabila, kwa mfano, humwonyesha kwamba watu wa asili fulani walikuwapo mjini mwaka fulani, na kwa wingi gani. Akisikia nyumbani kwamba babu alikuwa Mmanyema wa Kariakoo, jedwali humjulisha kama kulikuwa na Wamanyema wa kutosha kuunda mtaa, au kama babu alikuwa mtu wa peke yake aliyejiunga na jirani. Lakini safu hiyo hiyo ni mtego. Kabila liliandikwa kwa kauli ya mtu, na kauli ya mtu hufuata wakati. Aliyeletwa pwani utumwani angeweza kujiita Mswahili siku moja, na siku nyingine akajiita kwa kabila la bwana wake wa zamani, au la mkewe, au la mtaa aliohamia. Aliyesilimu angeweza kuliacha jina la baba yake akajiita bin Abdallah, jina ambalo limekuwa mlango wa wengi walioingia katika Uislamu pasipo nasaba iliyokubaliwa. Mtafutaji akikuta makabila mawili kwa mtu mmoja katika hati mbili, asiharakishe kusema kwamba ni watu wawili.

Penye upungufu wa hesabu ya watu kuna daftari nyingine zilizofanya kazi karibu na hiyo. Kodi ya nyumba ilianza chini ya Wajerumani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kodi, tofauti na hesabu, yataka jina la mlipaji. Viwanja vya Kariakoo navyo vilihitaji wenyewe waandikwe. Liwali na kadhi waliandika ndoa, talaka na mirathi, na mirathi ndiyo karatasi inayowataja wanawake kwa majina yao kamili kuliko karatasi yoyote ya serikali. Zaidi ya hayo kuna taarifa mbili za uchunguzi wa mji ambazo mtafutaji asizikose, ile aliyoiandika E. C. Baker mwaka 1931 juu ya hali ya wakazi wa Dar es Salaam, na ile ya J. A. K. Leslie, iliyofanywa katikati ya miaka ya 1950 na kuchapishwa 1963. Hazitoi majina ya ukoo, lakini zinaeleza jinsi nyumba za mji zilivyopangishwa chumba kwa chumba, na jinsi mgeni alivyopokewa na watu wa kwao. Bila kujua hayo, jina moja katika daftari la kodi haliwezi kusema kitu.

Daftari za jeshi ni jambo jingine. Hapa mtu mmoja mmoja aliandikwa, kwa kuwa alikuwa akilipwa. Ila si wote walioandikwa sawasawa. Jeshi la Kijerumani la kikoloni, lililoitwa Schutztruppe tangu 1891, lilikuwa na askari wa kudumu wenye vyeo na mshahara, na hao ndio wenye karatasi. Walikuwapo pia ruga-ruga, wapiganaji wa muda walioitwa vita ilipokuwapo, ambao jeshi liliwajua zaidi kwa jina la mtemi wao kuliko kwa majina yao wenyewe. Chini yao walikuwapo wapagazi, na pamoja nao wake, watoto na watumishi wa askari, msafara mzima uliotembea nyuma ya bunduki. Kadiri mtu alivyosimama mbali na mshahara ndivyo alivyosimama mbali na kalamu.

Majina ya vyeo yenyewe ni historia. Askari wa kwanza aliowaleta Hermann von Wissmann mwaka 1889 walikuwa wengi wao Wasudani walioandikishwa Misri, na Wazulu walioandikishwa Msumbiji. Wasudani walikuja na maneno ya jeshi la Misri, ambayo asili yake ni Kituruki: ombasha, shaushi, betshaushi, efendi. Wajerumani waliyakubali maneno hayo wakayaandika katika orodha zao. Mtafutaji akikuta kifupisho cha cheo mbele ya jina la babu, asidhani kuwa ni sehemu ya jina. Na akikuta Efendi, ajue kwamba huyo alikuwa amefika juu kabisa pa Mwafrika katika jeshi lile. Neno hilo halikufa. Askari wa Tanzania hata leo humwita mkubwa wake afande, na wachache hukumbuka kwamba neno limepitia Misri.

Taabu kubwa, hata hivyo, ni tahajia, na hapa mjuzi wa lugha ana kazi ambayo mwanahistoria peke yake hawezi kuimaliza. Karani wa Kijerumani aliandika kwa herufi za kwao. Sauti ambayo Kiswahili cha leo huiandika y yeye aliiandika j. Sauti ya sh aliiandika sch. Ya ch aliiandika tsch. Ya j aliiandika dj au dsch. Na z yetu mara nyingi ikawa s. Ramani za wakati ule zinaonyesha wazi: Bagamojo, Udjidji, Unjamwesi, Sansibar. Basi mtu aitwaye Juma bin Shabani hakosi kuwa Djuma bin Schabani, na Yusufu bin Rashidi huwa Jussufu bin Raschidi. Baada ya 1916 akaja karani wa Kiingereza, ambaye j kwake ni j. Akinakili hati ya Kijerumani, Jussufu hubaki na herufi yake lakini sasa husomwa kwa sauti nyingine, na mtu huyo huzaliwa mara ya pili. Katika orodha iliyopangwa kwa alfabeti, babu mmoja aweza kukaa mahali pawili, penye J na penye Y, na mjukuu akatazama mahali pamoja tu na kurudi mikono mitupu. Tena yapo makosa yasiyotokana na herufi bali na masikio: l na r hubadilishana, Selemani na Suleimani hushindana, na jina la kijiji huandikwa kama lilivyotamkwa na mkalimani wa kabila jingine.

Pamoja na tahajia kuna desturi ya majina yenyewe. Katika pwani jina la pili ni la baba, wala si la ukoo, kwa hiyo hubadilika kila kizazi. Ofisi za Kizungu zilitaka jina la ukoo lisilobadilika, na zilipolikosa zililitengeneza, kwa kuchukua jina la baba, au la babu, au la kabila, au la mlezi. Mfano ulio wazi ni ukoo mmoja unaojulikana sana Kariakoo. Sykes Mbuwane alikuja kutoka Msumbiji pamoja na askari wa Wissmann. Masimulizi ya ukoo yanasema kwamba alikufa maji katika mto Ruaha, akirudi kutoka katika vita dhidi ya Mkwawa. Mwanawe alizaliwa Pangani mwaka 1894 akaitwa Abdallah, lakini jina lililomganda ni Kleist, ambalo ni jina la ukoo la Kijerumani. Mtoto huyo alilelewa na Efendi Plantan, mkubwa wa askari wa Kizulu, na katika ujana wake alijulikana kwa jina la mlezi, Kleist Plantan. Baadaye alilirudia jina la baba. Basi mtu mmoja, Mzulu kwa asili, Mpangani kwa kuzaliwa, ana jina la Kiislamu, jina la Kijerumani, jina la mlezi na jina la baba lenye sauti ya Kiingereza. Anayemtafuta Sykes katika orodha za askari wa Lettow-Vorbeck, ambao Kleist alipigana pamoja nao, anaweza kumpita mara tatu asimwone.

Kwa bahati Kleist Sykes hakuwaachia makarani kazi yote. Alijua kusoma na kuandika, alikuwa katibu wa kwanza wa African Association ilipoanzishwa 1929, na kabla ya kufa kwake 1949 aliandika kumbukumbu za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alizitumia alipoandika habari za babu yake akiwa mwanafunzi wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na makala yake ilichapishwa mwaka 1973 katika kitabu cha Modern Tanzanians, kilichohaririwa na John Iliffe. Ni kazi ya kuigwa, si kwa sababu ukoo huo ulikuja kuwa mashuhuri katika siasa, bali kwa sababu mwandishi aliyaweka maneno ya babu na maandishi ya nje bega kwa bega, pasipo kulifanya moja mtumwa wa jingine. Mwana wa Kleist, Abdulwahid, naye alipita katika daftari za jeshi, mara hii za King's African Rifles, akaenda Burma katika Vita Kuu ya Pili, na baadaye akawa mkuu wa soko la Kariakoo. Vizazi vitatu, majeshi mawili ya kigeni, na mtaa mmoja uliopata jina lake kwa kikosi cha kijeshi. Mtaa wa Kipata, alikokaa Kleist, sasa unaitwa kwa jina lake.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, nao unaonyesha kwa nini deni ndilo huzaa hati. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari wa asili ya Kisudani. Vita ilipoanza alikuwa mtoto wa miaka kumi, akaingia jeshini pamoja na baba yake. Alijeruhiwa huko Mahiwa mwezi wa Oktoba 1917 akatekwa na Waingereza. Baadaye alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akashuka Ujerumani, akaenda Berlin kudai mshahara wa vita usiolipwa, wake na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba amechelewa. Hakuondoka. Alifanya kazi ya kuhudumu katika nyumba za starehe, akawasaidia walimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki, akaigiza katika filamu. Akaomba nishani ya wapiganaji wa vita, akanyimwa. Mwaka 1939 alitaka kuingia jeshini tena, akakataliwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, na huko alikufa tarehe 24 Novemba 1944.

Maisha haya yamejulikana kwa sababu Marianne Bechhaus-Gerst aliyafuata karatasi kwa karatasi na kuyachapisha 2007. Mwaka ule ule jiwe dogo la kumbukumbu liliwekwa mbele ya nyumba aliyokaa Brunnenstraße, na mwaka 2013 Eva Knopf alitengeneza filamu juu yake. Lakini yatazamwe maandishi aliyoyategemea mtafiti. Yaliyo mengi si ya sifa: ni maombi na makatazo. Laiti Mahjub angelipwa haki yake siku ya kwanza, pengine jalada lake lingekuwa na karatasi moja, nayo risiti. Wale waliomkatalia ndio waliomhifadhi, bila kukusudia. Na hapa pia jina lilitaka kumpoteza. Berlin alijulikana kama Bayume Mohamed Husen, na filamu zilimtaja Mohamed Husen. Dar es Salaam asingetambulikana kwa jina hilo. Anayeanza na jina la Berlin hafiki Afrika, na anayeanza na jina la nyumbani hafiki Berlin, mpaka apate karatasi moja inayoyataja yote mawili. Kuitafuta karatasi hiyo ya daraja ndiyo kazi yenyewe.

Askari wengine hawakuwa hata na karatasi ya kukataliwa. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1960, serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee waliosalia, wengi walifika mbele ya mlipaji bila cheti chochote. Basi kila mzee akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani kuushika kama bunduki, na hakuna aliyekosea. Kisa hiki kimepita vinywani mwa wengi na huenda kimepambwa njiani. Hata hivyo kinashuhudia jambo la kweli: amri za jeshi ni maneno yanayokaa mwilini, na mtafutaji anayezungumza na wazee wa ukoo asiulize tarehe tu, aulize pia babu alikuwa akitumia maneno gani alipokasirika au alipowapanga watoto mstari.

Wapagazi hawakukumbukwa hata kwa ufagio. Waingereza walitumia watu karibu milioni moja kubeba mizigo katika vita vya Afrika Mashariki, kutoka Kenya, Uganda, Kongo, Nyasaland, na Tanganyika yenyewe kila ilipotwaliwa. Hesabu rasmi za vifo vyao zilizidi 40,000, na wataalamu wanakubaliana kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Si kweli, kama ilivyodhaniwa zamani, kwamba watu hao hawakuandikwa kabisa. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa idara ya wapagazi, alijitahidi kuwapa namba na kuwaandikisha, kwa sababu walistahili ujira, na ujira wa waliokufa uliacha fedha zisizodaiwa zilizobishaniwa miaka mingi. Majina yalikuwapo, waliokuwa na mamlaka waliamua kwamba hayahitaji kuchongwa. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927, ina maandishi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na wapagazi wametajwa kwa heshima. Lakini haina jina la mtu hata mmoja.

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wafikao 350,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo kazi ya kuyatafuta majina imeendelea, na majalada yaliyohifadhiwa Kenya yamekwisha kutoa maelfu kadhaa. Majina hayo yamo katika orodha zilizoandikwa na makarani wa Kiingereza au wa Kihindi, namba kwanza, kisha jina, kisha jina la baba kama lilipatikana, kisha jina la mkubwa wa kijiji na la wilaya, yote kwa tahajia ya sikio. Herufi zilizobadilishana, kijiji kilichoandikwa kwa jina la jumbe aliyekufa zamani, bin iliyosahauliwa, cheo kilichogeuzwa jina: kila mstari unahitaji mtu ajuaye Kiswahili cha pwani na lugha ya bara alikotoka mpagazi, ausome kwa sauti mpaka jina lisikike tena kama lilivyotamkwa siku alipoulizwa.